Kabla Hujafungua Vidonge vya Gesi Ghalani

Kila mavuno yanapoingia ndani, maswali yanakuja yale yale. "Nimeweka vidonge, mbona dumuzi wamerudi baada ya mwezi?" "Gunia la kilo mia linataka vidonge vingapi?" "Naweza kuviweka kwenye mahindi yaliyo chumbani, mradi dirisha liko wazi?" Wanaouliza ni wakulima wenye magunia kumi, wafanyabiashara wenye maghala ya soko, viongozi wa vyama vya ushirika, na akina mama waliouziwa vidonge viwili vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti, bila lebo wala maelezo. Makala hii inawajibu wote kwa pamoja.

Jibu fupi ni hili. Gesi inaua wadudu pale tu inapofungiwa isivuje na kuachwa siku za kutosha. Kuongeza vidonge hakuzibi tundu la turubai. Na nyumba wanamolala watu si mahali pa gesi hii, hata kwa gunia moja, hata kwa usiku mmoja.

## Kidonge kinafanya nini

Vidonge vinavyouzwa kwa majina kama Phostoxin, Quickphos na Gastoxin vina aluminiamu fosfaidi. Kidonge kikikutana na unyevu ulio hewani, kinaachia polepole gesi iitwayo fosfini. Kidonge cha gramu 3 kinatoa gramu 1 ya gesi, kisha kinabaki unga wa kijivu. Mambo matano ya kushika:

- Gesi inaingia hadi ndani ya punje. Huo ndio ubora wake. Dawa ya vumbi inamuua mdudu anayetembea juu ya punje. Gesi inamfikia hata buu aliyejificha ndani.
- Haiachi kinga. Ukishafungua turubai na gesi ikatoka, mahindi hayana ulinzi wowote. Fukusi wa jirani anaweza kuingia siku hiyo hiyo.
- Inamuua binadamu kama inavyomuua mdudu. Hakuna dawa maalumu ya kuizima ikishaingia mwilini. Hospitali inamsaidia mgonjwa kupambana tu.
- Haizuiwi na mlango. Inapita kwenye nyufa, juu ya dari, na hata kwenye ukuta wa tofali usiopigwa lipu. Anayelala chumba cha pili yumo hatarini.
- Pua si kipimo. Wengi wanasema inanuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Harufu hiyo inaweza kupotea huku gesi ikiwa bado ipo. Kutosikia harufu si dalili ya usalama.

## Nani asitumie kabisa

Usitumie vidonge hivi ikiwa:

1. Nafaka yako iko ndani ya nyumba ya kulala, jikoni, dukani unakoishi, au kwenye stoo iliyoshikana na vyumba vya watu.
2. Una magunia machache tu, na huna namna ya kuyafunika yasivujishe gesi.
3. Mahindi yako bado mabichi. Gesi haikaushi nafaka wala haizuii ukungu.
4. Hujapata mafunzo, na hakuna mtu mwenye mafunzo atakayekuwa nawe tangu mwanzo hadi mwisho.
5. Vidonge ulivyonavyo havina mkebe wake wala lebo yake. Vilivyotolewa kwenye mkebe na kuuzwa rejareja vimeshaanza kazi njiani, huenda mfukoni mwako.

Ukijiona kwenye orodha hiyo, usikate tamaa. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya magunia machache, huko chini. Kuna njia nzuri kwako, tena nafuu.

Mwenye ghala atafute mfukizaji mwenye kibali. Tanzania, viuatilifu na wanaovitumia kibiashara vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kenya ni Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Viuatilifu, PCPB. Omba uone kibali, kisha uliza maswali matatu: utatumia turubai gani, utaacha siku ngapi, na una kipimo cha gesi? Asiyeweza kujibu la tatu, muage kwa heshima.

## Maandalizi: nusu ya kazi iko hapa

Kausha. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kama huna mashine ya kupimia, tumia chupa kavu ya kioo na chumvi kavu. Weka kijiko cha chumvi, ongeza punje hadi theluthi ya chupa, funika, tikisa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Pepeta na chekecha. Unga unaoachwa na dumuzi ni chakula cha wadudu wengine, na pia hufanya gesi isipenye vizuri katikati ya rundo.

Safisha ghala. Fagia kuta, pembe, chini ya chaga na juu ya mbao za paa. Takataka zichomwe au zifukiwe mbali. Magunia ya zamani nayo ni makazi ya wadudu, kwa hiyo yaingizwe chini ya turubai yafukizwe pamoja na mengine.

Panga juu ya chaga. Rundo liwe mbali na ukuta, karibu mita moja kila upande, ili mtu aweze kulizunguka na kuweka uzito pembeni. Juu pawe sawa, pasiwe na kona kali ya kuchana turubai.

Angalia sakafu. Saruji isiyo na nyufa inatosha. Kama ni udongo au saruji iliyopasuka, tandika kwanza nailoni nzito chini ya chaga, uiunganishe na turubai la juu.

Toa vinavyoharibika. Gesi hii inakula shaba. Simu, kompyuta, mizani ya umeme na redio vitoke nje. Umeme wa ghala uzimwe.

## Hesabu ya dozi

Lebo ya mkebe wako ndiyo inayotawala. Chukua mfano: lebo inasema vidonge 3 kwa tani, nawe una magunia 100 ya kilo 100. Hizo ni tani 10, kwa hiyo vidonge ni 30 kwa rundo zima.

Sasa rudi kwenye swali la vidonge vingapi kwa gunia. Kwa dozi hiyo, gunia moja lingepata chini ya theluthi ya kidonge, na kidonge hakikatwi. Anayetumbukiza kidonge kizima kwenye kiroba kimoja amezidisha dozi zaidi ya mara tatu, na ameiweka kwenye mfuko unaovuja pande zote. Gesi inayopaswa kubaki kwenye mahindi inajaa chumbani. Kidonge hiki hakikutengenezwa kwa ajili ya gunia moja, na hakuna hesabu itakayokifanya kifae.

## Siku ya kufukiza, hatua kwa hatua

1. Watu wawili au zaidi. Hakuna kufukiza peke yako. Mmoja akianguka, mwingine amtoe na aite msaada.
2. Vifaa viwepo kabla ya kuanza. Glavu kavu za pamba, barakoa ya uso mzima yenye kichujio maalumu cha fosfini, na kipimo cha gesi. Kitambaa na barakoa ya vumbi havizuii chochote.
3. Funika kwanza. Tumia turubai lisilopitisha gesi, yaani nailoni nzito isiyo na tundu wala kiraka kibovu. Turubai la kusokotwa, lile la kufunika mzigo wa lori, linavuja. Nailoni mbili zikiunganishwa, zikunje pamoja kisha zibane kwa vibanio.
4. Acha mita moja ya turubai ilale sakafuni kila upande. Juu yake weka mifuko mirefu myembamba iliyojazwa mchanga, mmoja ukipanda juu ya ncha ya mwingine. Mawe na matofali hayatoshi, kwa sababu yanaacha nafasi katikati.
5. Acha sehemu chache wazi za kuingizia vidonge. Fungulia mkebe nje, penye hewa, mbali na uso na mbali na moto. Usiufungulie ghalani.
6. Vidonge vipangwe kwenye sinia, tabaka moja, visigusane wala visirundikwe. Sinia ziingie chini ya chaga pande zote za rundo. Vidonge vilivyorundikana au kuguswa na maji vinaweza kuwaka moto.
7. Ziba haraka, kisha tokeni. Vidonge havitoi gesi nyingi papo hapo, lakini joto na unyevu huharakisha. Kazi ya kuviweka isicheleweshwe hata kidogo.
8. Funga ghala kwa kufuli. Bandika tangazo kwenye kila mlango: HATARI, GESI YA SUMU, USIINGIE, pamoja na tarehe ya kuanza, tarehe ya kufungua na namba ya simu ya mfukizaji. Chora na fuvu, kwa sababu si kila apitaye anajua kusoma. Mlinzi asilale ndani.

## Siku ngapi?

Hapa ndipo wengi wanapojipunja. Siku ya pili au ya tatu unachungulia, unaona wadudu wamekufa, unafungua ili lori lipakie. Uliowaona wamekufa ni wadudu wakubwa na mabuu, ambao hufa upesi. Mayai, na wale walio katika hatua ya kugeuka kutoka buu kuwa mdudu kamili, wanastahimili zaidi. Ukifungua mapema, hao ndio watakaotoka ndani ya punje wiki chache baadaye, nawe utasema dawa ilikuwa feki.

Shika kipimo hiki, isipokuwa lebo inataka siku zaidi:

- Nafaka yenye joto la nyuzi 25 na zaidi: siku 7 kwa uchache.
- Nyuzi 15 hadi 25, kama ilivyo nyanda za juu wakati wa baridi: siku 10 kwa uchache.
- Chini ya nyuzi 15: usifukize.

Joto hilo lipimwe ndani ya rundo, si uwanjani. Kama mnunuzi hawezi kusubiri siku hizo, basi usifukize kwa ajili yake, kwa maana utakuwa umemuuzia wadudu pamoja na mahindi.

## Kufungua

1. Anayefungua avae barakoa yake yenye kichujio. Milango na madirisha yafunguliwe kwanza kutoka nje, inapowezekana.
2. Inua pembe mbili za turubai zinazoelekeana, kisha ondoka.
3. Baada ya saa kadhaa turubai litolewe lote. Ghala liachwe wazi usiku na mchana, angalau saa 24.
4. Kipimo cha gesi ndicho kinachoruhusu watu kuingia. Kiwango kinachotajwa kwa usalama wa kazi ni chini ya sehemu 0.3 za gesi katika sehemu milioni moja za hewa. Pua ya binadamu haiwezi kuthibitisha hilo.
5. Mabaki ya vidonge ni kazi ya mfukizaji, maana unga ule bado una gesi kidogo. Huutia kidogo kidogo kwenye ndoo ya maji ya sabuni, nje penye hewa, bila kufunika, kisha huufukia mbali na kisima. Usiumwagie maji rundo la unga, usiutupe chooni, wala usiuache kuku wakaufikia.
6. Mikebe mitupu itobolewe na kufukiwa. Isiwe kopo la chumvi wala la kuchotea maji.

## Makosa yanayojirudia

- Kuficha vidonge katikati ya punje. Unga wake unabaki kwenye chakula, na kidonge ambacho hakijaisha kinaweza kufika mashineni.
- Kuongeza dozi kwa sababu turubai limechanika. Gesi ya ziada inatoka kwenye tundu lile lile. Ziba tundu.
- Kupakia mahindi yenye vidonge kwenye lori. Watu wanapanda juu ya mzigo, na utingo analala chini ya turubai. Hilo ni kaburi linalotembea.
- Kuhifadhi vidonge vilivyobaki. Mkebe uliofunguliwa unaendelea kutoa gesi. Tena kidonge kwa macho ya mtoto ni peremende.
- Kuyaacha mahindi bila kinga baada ya kufukiza. Nyunyizia kuta kiuatilifu kilichosajiliwa kwa ajili ya ghala, kagua kila wiki mbili, chunguza unga chini ya magunia.

## Dalili za sumu, na la kufanya

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kifua kubana, kushindwa kupumua, uchovu wa ghafla. Dalili hizi hufanana na za malaria au za chakula kibaya, na watu wamepoteza muda kwa kudhani hivyo. Kama kuna vidonge jirani, fikiria gesi kwanza.

- Mtoe mtu kwenye hewa safi mara moja. Usiingie kumtafuta bila barakoa yenye kichujio, maana mwokoaji naye huanguka.
- Mlegezee nguo, akae bila kufanya kazi yoyote, hata kama anasema amepata nafuu.
- Kama amemeza kidonge, usimtapishe na usimpe maji. Usimpulizie pumzi mdomo kwa mdomo.
- Mpeleke hospitali pamoja na lebo ya mkebe. Maziwa hayasaidii, na kukaa nyumbani kusubiri ni hatari.

## Najua mtasema

"Jirani anaviweka chumbani kila mwaka na hajafa mtu." Huenda nyumba yake inapitisha hewa sana, maana yake hata wadudu wake hawafi vizuri. Mwaka atakaofunga madirisha kwa sababu ya baridi au mbu ndio mwaka wa msiba. Watoto ndio hutangulia.

"Mfukizaji ni ghali." Kwa magunia kumi, kweli. Ndiyo maana kwa magunia kumi sikushauri gesi. Kwa ghala la pamoja, gharama inagawanywa kwa kila tani iliyomo.

"Dawa siku hizi haina nguvu." Mara nyingi ni siku au turubai vilivyopungua. Lakini usugu nao upo. Uchunguzi wa FAO wa mwaka 1972 na 1973, uliofanywa katika nchi nyingi, ulishawakuta wadudu wanaostahimili fosfini. Chanzo kikubwa cha usugu ni kufukiza nusu nusu: wanyonge wanakufa, wenye nguvu wanabaki kuzaa. Kila anayefukiza ovyo anawaharibia majirani zake dawa.

"Kwa nini tusirudie ile gesi ya zamani?" Methili bromaidi inaharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea ziliachana nayo mwaka 2015, isipokuwa kwa mizigo ya karantini na ya kusafirishwa nje. Ndiyo sababu fosfini lazima tuitunze.

"Mahindi yaliyofukizwa yanalika?" Ndiyo, yakishapewa hewa ipasavyo na mabaki ya vidonge kuondolewa yote. Subiri muda ulioandikwa kwenye lebo kabla ya kusaga.

## Kama una magunia machache

Mfuko usiopitisha hewa, unaojulikana na wengi kama kinga njaa, unafanya kazi bila sumu. Wadudu waliomo wanamaliza hewa ya oksijeni wenyewe, wanaacha kula, wanakufa. Mfuko wa aina ya PICS ulianzia kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue uliofanyika Cameroon kwa ajili ya kunde, nao sasa unatumika kwa mahindi, maharage na mtama. Una nailoni mbili nzito ndani na kiroba nje.

1. Kausha, pepeta, na hakikisha hakuna vipande vya magunzi vya kutoboa nailoni.
2. Kagua tundu: jaza hewa nailoni, kamata mdomo wake, ubane. Ikipungua, usiitumie kwa kuhifadhi.
3. Jaza huku ukishindilia kwenye pembe ili hewa itoke.
4. Sokota mdomo wa nailoni ya ndani, ukunje, ufunge kwa kamba. Kisha ya pili, kisha kiroba.
5. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta na panya. Usifungue kwa mwezi mmoja kwa uchache.
6. Ukifungua kuchota debe moja, funga upesi. Mfuko wa kula uwe mmoja, mingine ibaki imefungwa.

Pipa la plastiki au kihenge cha bati chenye mfuniko unaobana vizuri hufuata kanuni ile ile.

Kama unasoma haya na kuna vidonge kwenye mahindi yaliyo ndani ya nyumba yako sasa hivi, usianze kuvitafuta kwenye gunia. Toa watu wote kwanza, watoto mbele, acha mlango wazi nyuma yako, kisha mtafute afisa ugani au mfukizaji mwenye kibali aje kuviondoa. Usiku wa leo laleni kwa jirani. Mahindi yakiliwa na dumuzi msimu huu, msimu ujao utapanda tena.